Mkuki wa siku moja: kutoka One Piece mpaka kwa bibi Mvumi



Najua nimepotea. Majaribio yalinibana, na boom limekata kabla ya mwezi kuisha, kwa hiyo hata bando lilikuwa la kuomba omba. Leo nimepata nafasi, na kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki jana. Ndani yake mna katuni za Kijapani, mna bibi yangu, na mna mkuki. Nivumilieni, tutafika.

Si mnajua rumu yetu ndiyo sinema ya bloku nzima? Ijumaa tulijazana watu kumi na mmoja juu ya vitanda viwili, laptopu moja, tunarudia One Piece pale Enies Lobby. Kwa wasioifuatilia: kuna mpishi wa meli anaitwa Sanji, anapigana kwa mateke tu, na mateke yake yanabomoa kuta. Hapo anakutana na adui mwanamke, Kalifa, muuaji aliyefunzwa na serikali. Sanji anagoma kumpiga. Mzee aliyemlea alimfundisha kwamba mwanamume hampigi mwanamke teke, hata kufa afe. Basi anapigwa yeye mpaka anashindwa kabisa, na mwenzake Nami ndiye anayekuja kummaliza Kalifa. Rumu nzima ikalipuka: "Huyo ndo mwanaume!"

Sasa huyo huyo Nami, katika episodi nyingine kibao, kazi yake ni kuwatandika Luffy, Usopp na Sanji ngumi za kichwa mpaka manundu yanaota kama viazi. Tunacheka. Hakuna aliyewahi kusema Nami ni katili. Muziki wa kuchekesha unapigwa, manundu yanapotea, meli inaendelea. Ndiyo ilivyo kwenye anime nyingi tu. Kwenye Ranma ½, ambayo Rumiko Takahashi aliianza kama kitabu cha picha mwaka 1987 na ikaingia kwenye runinga 1989, Akane anampiga Ranma karibu kila siku. Kofi la msichana ni kichekesho, ngumi ya mvulana ni ama ya kulinda ama ya uovu. Hapo katikati hamna kitu.

Ningeishia hapo nikalala. Lakini Jumanne, jirani kabisa na kantini, jamaa yangu mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua) alizabwa makofi na mpenzi wake mbele za watu. Makofi ya nguvu, wadau, si ya utani. Sababu siijui na hainihusu. Watu walicheka. Mimi nilicheka. Kuna mtu alirekodi na kufika jioni video ilikuwa kwenye magrupu yote, imewekewa wimbo. Usiku jamaa akaja rumu, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema sikio la kushoto linavuma na halisikii vizuri. Alikuwa ameenda zahanati. Alipoulizwa kilichompata akasema ameanguka kutoka kitanda cha juu. "We ungesemaje?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Angekuwa ni yeye aliyempiga yule dada, saa hiyo angekuwa polisi, na ingekuwa haki. Nasema wazi ili asije mtu kwenye maoni akaniambia nawatetea wanaopiga wanawake. Swali langu ni jingine: kwa nini la kwake halihesabiki kama pigo?

Si nasoma historia? Basi nikaanza kuchimba, kwa sababu mwanafunzi wa historia akikosa jibu anakimbilia tarehe.

Nilianza na katuni zenyewe. Mwaka 1953 Osamu Tezuka, yule wanayemwita baba wa manga, alianza kuchora Ribbon no Kishi. Alikulia Takarazuka, mji wenye lile kundi maarufu la maigizo ambamo wanawake watupu wanacheza na nafasi za kiume pia. Katika hadithi yake kuna binti mfalme, Sapphire, ambaye kabla ya kuzaliwa malaika mtundu alimpa mioyo miwili, wa kike na wa kiume. Inabidi avae kama mwana wa mfalme kwa sababu msichana haruhusiwi kurithi kiti. Anajua kutumia upanga kweli kweli. Ila ule moyo wa kiume ukitolewa, nguvu nazo zinakwenda! Yaani hata nguvu alizonazo mwenyewe mwilini ni za kuazima.

Miaka ishirini baadaye Riyoko Ikeda, mwanamke, akaandika The Rose of Versailles (1972 hadi 1973, na anime yake ikaanza 1979). Oscar ni binti wa jenerali aliyekosa mtoto wa kiume, basi akamlea kama mvulana, akawa mkuu wa walinzi wa malkia Marie Antoinette. Huyu anaheshimiwa na hakuna anayecheka akichomoa upanga. Lakini angalieni amevaa nini: sare ya kiume, karibu wakati wote mpaka anakufa siku ya kuvamiwa kwa Bastille, Julai 14, 1789.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Msichana akipiga akiwa na gauni lake, ni kichekesho. Ili pigo lake lihesabiwe lazima kwanza avae suruali ya mtu.

Hapo ndipo nikashtuka. Nikasema, hii mbona naijua? Hii si ya Tokyo. Hii ni ya kwetu Ugogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti mmoja, Peter Rigby, alikaa huku kwetu akisoma maisha ya Wagogo. Baadaye aliandika kitabu kizima juu ya ng'ombe na ukoo, kikatoka 1969. Lakini mwaka mmoja kabla, 1968, alitoa makala juu ya matambiko ya Kigogo ya kusafisha nchi, na hiyo ndiyo iliyonikaa kichwani. Anaeleza hivi. Hali ya nchi kwa Wagogo ina upepo wake, mbeho, mzuri au mbaya. Kwa kawaida kuutunza huo upepo ni kazi ya wanaume. Wao ndio wenye mifugo, wao ndio wanaokwenda kwa mtambuzi, wao ndio wanaoshika mikuki. Lakini ikitokea balaa la uzazi, ng'ombe wanakufa kwa ugonjwa, au wanawake hawazai, basi mambo yamepinduka, na wanaume hawawezi tena. Hapo wanaitwa wanawake.

Wanawake wanavaa nguo za wanaume. Wanashika silaha za wanaume. Wanatoka na ng'ombe kwenda kuchunga, kazi ambayo siku nyingine ni ya wanaume na vijana. Wanajifanya wanaume kwa mwendo na kwa ukali, na wanaume wenyewe wanabaki nyumbani. Mwisho wanalicheza lile balaa, wanalisukuma kwa ngoma ya nguvu mpaka mpakani, wanalitupa kwenye kinamasi. Nchi inakuwa imesafishwa.

Wasomi wakagombana kidogo juu ya maana yake. Max Gluckman alikuwa ameshatoa mhadhara mwaka 1952 juu ya mambo yanayofanana na hayo kwa Wazulu, ambako wasichana walivaa nguo za wanaume na kuchunga ng'ombe. Yeye alisema hayo ni maasi ya kuruhusiwa: mnyonge anaachiwa apumue siku moja ili kesho atulie. Rigby akakataa. Kwa Wagogo, akasema, si maasi. Kitu kilichopinduka unakipindua tena ili kikae sawa, na njia ya kukipindua ni kubadilishana nafasi za waume na wake. Victor Turner naye akaichukua hoja hiyo ya Rigby kwenye kitabu chake cha 1969 na kuisifu.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliipitia tu ili nipate maksi. Mtu wa kwetu mwingine niliyemsoma ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapo, ambaye wengi wenu mnamjua kwa ngonjera. Mwaka 1954 aliandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo, na ni aibu kwamba wengi wetu tumezaliwa hapa na hatujakishika hicho kitabu. Lakini wiki hii nilitaka mtu, si kitabu. Jumamosi nikapanda gari la Mvumi.

Kwa wasiojua, Mvumi iko wilaya ya Chamwino, na ndiko alikotawala Mtemi Mazengo, yule aliyefariki 1967. Bibi yangu alizaliwa zama zake. Umri wake hasa haujui, anasema alikuwa mwali tayari Uhuru ulipokuja. Nilimkuta anapeta uwele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Huko chuoni hamli?"

Tulikula kwanza, ugali wa uwele na mlenda, maana kwa bibi huanzi na maswali. Halafu nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari ya wanawake kuvaa nguo za wanaume na kwenda kuchunga.

"Kusikia?" akasema. "Mimi nilikwenda."

Wadau, nilikaa vizuri. Miaka yote nimelala nyumba moja na huyu bibi kila likizo, na sikuwahi kujua.

Anasema ng'ombe walikuwa wanakufa, kila boma. Wazee wakaenda kuuliza, wakarudi na jibu kwamba wanawake watoke. Yeye alikuwa hajaolewa bado. Akapewa shuka la kaka yake na mkuki wa baba yake. Wakatoka asubuhi na ng'ombe waliobaki, wanawake watupu, wazee kwa wasichana, wakiimba nyimbo ambazo hakutaka kuniimbia.

"Na wanaume?"

"Ndani. Wapite waende wapi? Tungewachapa."

"Mngewachapa kweli, bibi?"

"Mmoja tulimchapa." Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Mjomba wangu. Alijitia kutoka kwenda kuangalia kitu gani sijui. Tukamkuta njiani. Tulimchapa kwa fimbo mpaka akakimbia, na yeye mwenyewe anacheka."

Nikamuuliza huo mkuki ulikuwaje mkononi. Nilitegemea aseme ulikuwa mzito. Akasema ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mti wake umekuwa laini kwa kushikwa na baba yake. Kufika mchana alikuwa amesahau kwamba anao, kama mtu anavyosahau kwamba amevaa viatu.

"Na jioni?"

"Jioni tulirudi. Baba alikuwa amesimama mlangoni, akanyoosha mkono. Nikampa. Akautia mahali pake." Akaendelea kupeta kidogo. "Nilitaka kulala nao usiku mmoja tu. Lakini utasemaje?"

Nilikuwa na kalamu na daftari, kama mtafiti wa kweli, na nikadhani mahojiano yameisha vizuri. Yeye ndiye aliyeendelea bila kuulizwa. Akasema mwaka aliouolewa, babu yangu alimpiga kwa fimbo ya kuchungia kwa sababu ndama wawili walipotea. Walikuwa na mchungaji wao, yeye alikuwa kisimani. Alipigwa ndani ya nyumba, na mkuki wa babu ulikuwa umeegemezwa pale pale karibu na mlango.

"Bibi, hukufikiria..."

"Kufikiria nini?"

"Si ulikuwa unajua kuushika."

"Nilijua," akasema. "Lakini ulikuwa wa kwake."

Babu mimi nilimpenda, tena sana. Alinifundisha kuhesabu kwa kete za bao. Sijui nifanye nini na habari hii, na sikumuuliza bibi zaidi.

Usiku ule nililala nawaza akina Gluckman na Rigby. Wote wawili walitazama mkuki unavyotoka nyumbani asubuhi. Hakuna ubaya, tambiko lilikuwa la kweli na watu waliliamini. Na kwa upande mmoja Wagogo walikuwa mbele ya watengeneza katuni: walikubali kwamba kuna balaa ambalo mwanamume na mkuki wake hawaliwezi. Hata ngoma ya muheme kwetu inapigwa na wanawake, ngoma wameibana mapajani, na anayekwenda kwenye tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino anajua kwamba zile si ngoma za kubembeleza mtoto. Nguvu ipo na kila mtu anaijua. Tatizo ni jioni. Ile nguvu ilihesabiwa akiwa amevaa shuka la kaka yake. Alipolivua, hata yeye mwenyewe hakuihesabu tena. Na mjomba aliyechapwa alicheka, kwa sababu angefanya nini kingine? Kulalamika amechapwa na wanawake?

Msidhani ni sisi tu. Machi 16, 1922, Nairobi, umati ulikusanyika kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiwe, aliyekuwa amekamatwa siku mbili kabla. Viongozi wanaume wakarudi kutoka kuongea na serikali, wakawaambia watu watawanyike. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akatoka mbele, akapandisha gauni lake juu, akawaambia wanaume wachukue gauni hilo wao na wampe yeye suruali zao. Umati ukasukuma mbele, askari wakafyatua risasi, na yeye akawa miongoni mwa waliokufa. Oneni hapo. Mwanamke anataka kwenda mbele ya bunduki, na lugha aliyonayo ya kulisema hilo ni ya kubadilishana nguo. Ile ile ya kina bibi na mkuki wao, ile ile ya Oscar na sare yake.

Au Mekatilili wa Menza, mwaka 1913, pwani ya Kenya, alipowaongoza Wagiriama kumkataa Mwingereza na kodi yake. Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni kwamba alikwenda mbele ya msaidizi wa mkuu wa wilaya, Arthur Champion, na kuku mwenye vifaranga, akamwambia jaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Wengine wanaongeza kwamba Mekatilili alimzaba kofi. Mimi naipenda sana hadithi hiyo, lakini sasa najiuliza kwa nini ndiyo iliyobaki midomoni. Mwanamke huyu aliwalisha watu kiapo, alizunguka nchi nzima akiwakusanya kwa ngoma ya kifudu, alikamatwa na kupelekwa mbali magharibi ya Kenya na akatoroka akarudi. Hiyo ni kazi ya jemadari. Sisi tumebaki na kuku. Wanaume wanaopigana tunawaita mashujaa, mwanamke anayepigana tunamtafutia vifaranga kwanza, awe mama anayelinda, ndipo tumsamehe.

Cha ajabu, aliyeandika bila kuangalia nguo ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba hata kama mila zinasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Inasema mwenzi. Haisemi mke, haisemi mume. Mwaka ule ule wa 1971 Nyerere alikuwa huku kwetu kwenye Operesheni Dodoma, watu wanahamia vijiji vya ujamaa, Chamwino ikiwemo. Nilimuuliza bibi kama kuna mtu aliwahi kuwaeleza habari za kifungu hicho. Akaniuliza kifungu ni nini.

Najua jamaa na yule dada hawajaoana, na sheria ya ndoa haiwahusu, msinisahihishe. Kupiga mtu ni kosa hata bila ndoa. Ninachosema ni kwamba tumekuwa na maneno hayo kwenye karatasi zaidi ya miaka hamsini, na bado pale kantini tulicheka kama tunaangalia episodi.

Na kucheka kule, nikirudi nyuma nikafikiria, kulimdharau na yule dada vile vile. Hakuna aliyemwambia "umefanya vibaya", kama anavyoambiwa mtu mzima mwenye mikono. Tuliliona kofi lake kama la mtoto. Nami anapiga na hakuna kinachovunjika, kwa sababu mchoraji ameamua mikono yake si mikono. Halafu Kalifa anafika na Sanji anagoma kumpiga, tunashangilia, kumbe hata pale Kalifa hakuchukuliwa kama adui kamili. Mtu aliyefunzwa kuua anahurumiwa kama mgonjwa!

Jumapili jioni nilirudi chuo. Jamaa alikuwa rumu kwake, sikio lina pamba. Nikamsimulia habari ya bibi, mkuki, shuka la kaka yake na ng'ombe waliokuwa wanakufa. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwa mjomba aliyechapwa akakimbia huku anacheka, akanikatisha.

"Aliumia?"

Nikasema sijui, sikuuliza. Akaniangalia tu.

Jana nikampigia bibi. Tukasalimiana, tukaongea mvua, tukaongea mbuzi, halafu nikamuuliza kuhusu mjomba. Akanyamaza kidogo. Akasema mkono wa mjomba ulivimba kuanzia kiwikoni, na msimu ule hakuweza kushika jembe, mkewe ndiye aliyelima peke yake.

"Mlimuuliza amepatwa na nini?"

"Hakuna aliyeuliza," akasema. "Si tulikuwa tunajua?"